Bei ya kofia nyeupe

Mwaka 2015 nililipa shilingi milioni 4.2 kwa barua ambayo haipo duniani. Aliyezipokea ni dalali mmoja aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja Kariakoo, meza ya kioo na bendera ndogo ya Ufaransa juu yake. Aliniambia ana mtu wake ndani ya Lejioni ya Kigeni, lile jeshi la Ufaransa linaloandikisha wageni, na kwamba barua ya mwaliko ikishatoka, viza ni suala la wiki mbili. Hela zile hazikuwa zangu. Baba aliuza machungwa ya shamba letu la Muheza yakiwa bado mtini, msimu mzima, kwa mchuuzi aliyejipangia bei mwenyewe kwa sababu alijua tuna haraka.

Barua ilikuja kweli. Ilikuwa na muhuri, na nembo ya guruneti lenye ndimi saba za moto, na jina langu limekosewa herufi moja. Nikaambatanisha kwenye maombi ya viza. Nikanyimwa. Dalali akawa hapatikani, na nilipopita Kariakoo nikakuta chumba kile kinauza vitenge.

Miaka mitatu baadaye niliingia Lejioni bila dalali yeyote, nikatumikia mkataba wa kwanza wa miaka mitano mpaka Oktoba 2023. Tangu nirudi, vijana wananitafuta, wengi wao kutoka Tanga, wachache kutoka Mombasa na Goma. Swali lao la kwanza ni lile lile: "Kaka, kwa jumla ni shilingi ngapi?" Nataka kulijibu mara moja na kwa kirefu, kwa sababu jibu fupi la "bure" si uongo, ila halimsaidii mtu.

Kujiandikisha ni bure. Lejioni haina wakala Afrika, haiandiki barua ya mwaliko, haikuombei viza, haikulipii nauli. Haiandikishi ubalozini wala kwa simu. Unakwenda Ufaransa kwa miguu yako, unasimama getini na pasipoti halali, unagonga. Mageti ni mawili: Fort de Nogent, pale Fontenay-sous-Bois pembeni ya Paris, na Aubagne, karibu na Marseille, ambako ndiko makao makuu. Lazima uwe mwanaume, umri kati ya miaka 17 na nusu na 39 na nusu. Kifaransa si sharti. Mtu yeyote anayekudai hela ili akufikishe mbali zaidi ya hapo anauza hewa.

Na siku hizi kuna wabaya kuliko yule wangu. Mwaka 2022 Mtanzania mwenzetu aliyekuwa amekwenda Urusi kusoma, kisha akafungwa huko, aliuawa Ukraine akipigana upande wa Wagner, kundi la mamluki wa Kirusi. Mwaka 2025 polisi wa Kenya walikuta vijana zaidi ya 20 kwenye nyumba moja Athi River wakisubiri kupelekwa Urusi. Mimi niliibiwa machungwa ya msimu mmoja tu. Kijana anayefuata tangazo la kazi ya ulinzi nje ya nchi leo anaweza asirudi kabisa, kwa hiyo sitaki kumwona mtu anachanganya mambo haya mawili.

Njia yangu halisi ilikuwa ndefu. Nilipata nafasi ya chuo Poland, nikaenda mwaka 2016 kwa viza ya mwanafunzi, nikasoma na kufanya kazi ghalani usiku. Februari 2018 nikapanda basi la Warsaw kwenda Paris, safari ya zaidi ya saa 20, nikiwa na begi moja. Siwezi kumwambia mtu aende chuo kwa ajili ya kutoroka masomo. Nasema tu kwamba nilikuwa Ulaya kihalali, nikiwa na kibali mkononi, na jambo hilo liliniondolea hofu ambayo niliiona kwenye macho ya wenzangu waliofika kwa njia nyingine.

Nilifika Fort de Nogent asubuhi, baridi inauma masikio. Mlinzi alikuwa Mnepali. Akasema neno moja: "Passeport." Akaitazama, akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza nataka nini. Nikasema nataka kujiunga. Akafungua. Hapo ndipo nilipojua kwamba dalali alikuwa ameniuzia mlango usio na kufuli.

Ndani unanyang'anywa kila kitu: simu, pasipoti, mkanda, hela. Vinaandikwa, vinafungwa kwenye mfuko. Unapewa trakisuti, unapekuliwa, unapimwa kwa haraka, unajivuta kwenye chuma. Baada ya siku chache, waliopita mchujo wa kwanza wanapelekwa Aubagne kwa treni. Beba kidogo: viatu vizuri vya kukimbilia, ndala, nguo za ndani za wiki nzima, sabuni na mswaki, hela kidogo. Nilikuwa nimebeba suti. Ilikaa kwenye mfuko mpaka siku waliponirudisha.

Ndiyo, walinirudisha. Mara ya kwanza nilishindwa.

Vijana wengi wanadhani mchujo ni mbio na misuli. Mimi nilipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kule Maramba, nikadhani nimeshamaliza. Mbio zilikuwa za kwenda na kurudi mita 20 huku mlio unazidi kuharakisha. Ngazi ya saba ndiyo ya chini kabisa, mimi nikafika ya kumi. Nikajiona nimeingia. Daktari akaniambia nipanue mdomo. Magego mawili ya chini yalikuwa yameoza, na nilikuwa nimeishi nayo miaka mitatu kwa kutafuna upande mmoja. Akagonga moja kwa kijiti cha chuma, nikaruka kwenye kiti. Akaandika. Nilikuwa sifai kwa muda: nikatibiwe, nirudi baada ya miezi.

Askari wa miguu anaweza kukaa porini wiki kadhaa mbali na daktari wa meno, na jino likivimba ni mtu mmoja amepungua kwenye kikosi. Nilielewa baadaye. Siku ile niliona ni uonevu, nikalia chooni, nikifungulia maji ya bomba ili nisisikike. Nilitibiwa Poland kwa akiba ya miezi mitano ya kazi ya usiku. Kama ningeng'oa meno yale nyumbani kabla sijaondoka, ningetumia hela ya kununua viatu.

Kwa hiyo kabla hujawaza pushapu, nenda hospitali. Meno. Macho. Masikio. Magoti, hasa kama umecheza mpira sana. Kama uliwahi kuvunjika au kupasuliwa, sema, na uwe na picha au karatasi ya hospitali. Kovu halifichiki kwa mtu ambaye kazi yake ni kutazama makovu.

Kosa la pili la safari ile ya kwanza lilikuwa uongo mdogo. Kwenye usaili wanakuuliza maisha yako tangu utotoni: shule, kazi, familia, polisi, madawa, madeni. Wenzangu bwenini walikuwa wamenishauri nijibu kwamba sidaiwi. Nilikuwa nadaiwa euro 800 na mtu niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja Warsaw. Nikasema sina deni. Afande aliyenihoji hakubisha. Aliuliza mambo mengine kama nusu saa hivi, kisha akarudi taratibu: "Umefanya kazi miezi mitatu mwaka 2017. Ada ya chuo umelipaje?" Nikaanza kutunga. Alikuwa anaandika huku ananitazama, na kila alivyoandika ndivyo nilivyozidi kutunga.

Mara ya pili, Oktoba 2018, nilisema yote: deni, dalali, machungwa ya baba, hata lile kosa la kudanganya. Aliuliza deni limebaki kiasi gani, akaandika, akasonga mbele. Mtu anayedaiwa hawamwogopi. Wanamwogopa mtu ambaye hawamjui. Na wale wanaodhani Lejioni ni maficho ya wauaji wasahau: jina lako linachunguzwa, na mwenye kesi nzito harudi bwenini.

Jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo Aubagne ni kungoja. Wiki kama mbili au tatu unaamka alfajiri, unafagia majani ambayo upepo unayarudisha, unasugua masufuria, unapanga mstari, unakaa chini, unangoja jina liitwe kwa kipimo fulani, halafu unangoja tena. Hakuna simu. Hakuna anayekwambia umefanya vizuri au vibaya. Ugomvi unaanzia hapo, kwenye uvivu wa kungoja: nani kachukua ndala za nani, nani kakaa nafasi ya nani. Mbrazili mmoja aliyekimbia kutushinda wote alimsukuma mwenzake kwenye foleni ya chakula. Kesho yake hatukumwona. Ushauri wangu ni kufagia. Ukipewa ufagio, fagia kweli kweli, maana ndiyo kazi pekee uliyonayo, na kuna watu wanakutazama.

Tulikuwa 46 bwenini mwetu juma lile. Asubuhi ya Ijumaa wakatupanga na kuanza kuita majina. Tisa. Langu lilikuwa la saba, limetamkwa vibaya kiasi kwamba nilichelewa kuitika.

Na hilo ndilo lilikuwa jina langu kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Hapa ndipo naomba mnisome polepole. Lejioni ilianzishwa mwaka 1831 na Mfalme Louis-Philippe, na tangu enzi hizo imekuwa na desturi ya kumpokea mtu kwa jina jipya. Linaitwa jina la kutangazwa. Mimi nilipewa jina ambalo herufi zake za mwanzo ni zile za jina langu, lakini baba yangu asingeligeukia kama angelisikia njiani. Pasipoti yangu ikawekwa kabatini kwao. Mpaka hali yako irekebishwe na urudishiwe jina lako halisi, wewe kisheria ni yule mwingine. Huwezi kufunga ndoa. Huwezi kutoka Ufaransa kwa likizo. Karatasi nilizisaini mwenyewe, nimeelezwa, nikatikisa kichwa. Nilikuwa na miaka 25 na niliona ni heshima.

Kutoka Aubagne tulipelekwa Castelnaudary, kwenye kikosi cha nne, ambako makuruta wote wanafundishwa kwa miezi minne. Wiki za kwanza hukai kambini. Mnapelekwa shamba, nyumba ya zamani iliyojitenga, na huko ndiko mtu anavunjwa na kuungwa upya. Ilikuwa Novemba. Mimi ni mtoto wa Tanga, baridi niliyoizoea ni ile ya Lushoto, na Poland nilikuwa nafanya kazi ndani ya ghala lenye joto. Kule shamba nilijifunza kwamba baridi yenye maji ni mnyama mwingine kabisa.

Kifaransa tulikisomea midomoni mwa wengine. Kila asiyejua lugha anapewa mwenzake anayejua. Wangu alikuwa Mmalagasi, mpole, mwenye sauti nzuri, na alinifundisha zaidi kwa nyimbo, maana Lejioni inaimba kila mahali: kabla ya kula, kwenye mwendo, usiku. Inatembea polepole kuliko majeshi mengine, hatua 88 kwa dakika, na nyimbo zake ni nzito kufuata hatua hizo. Nilijua kuimba ushujaa wa Lejioni kwenye vita vya Camerone, Mexico, tarehe 30 Aprili 1863, kabla sijaweza kuomba chumvi mezani. Jifunze kabla hujaenda: namba mpaka mia moja, viungo vya mwili, nguo, vyombo, kulia na kushoto, ndiyo na hapana. Maneno mia mbili tu yangenipunguzia nusu ya adhabu zangu.

Na adhabu hazikuwa zangu peke yangu. Kwenye kundi letu alikuwemo kijana wa Lubumbashi, Kongo. Siku tuliyogundua kwamba wote tunajua Kiswahili, chake cha Katanga na changu cha pwani, tulikaribia kukumbatiana. Ni marufuku kuzungumza lugha ya nyumbani, na ni haki iwe marufuku, maana watu wa mataifa kumi na tano hawawezi kupona vitani wakinong'ona lugha kumi na tano. Lakini usiku mmoja tukifua soksi alininong'oneza habari ya Kolwezi, mji wa kwao Katanga. Mama yake alikuwa mtoto mdogo mjini humo Mei 1978, waasi walipoingia kutoka Angola. Walijifungia ndani siku kadhaa, kisha tarehe 19 wakaona miavuli angani. Walikuwa wanajeshi wa Lejioni, kikosi cha pili cha miavuli kutoka Calvi, kisiwani Corsica. "Mama anasema ilikuwa kama pamba inaanguka," aliniambia. Alikuwa amekuja kuwatafuta watu wale wa miavuli. Nikamuuliza kama anajua jeshi hilo hilo lilizaliwa kwa ajili ya kuiteka Algeria, na kwamba lilitua Madagaska mwaka 1895 kuimaliza nchi ya huyo mwenzangu Mmalagasi. Akasema anajua. Koplo akatukuta. Kundi zima likaamshwa, pushapu kwenye tope, na Mmalagasi akafanya zake kando yangu bila kusema neno.

Swali hilo la historia sijalimaliza mpaka leo. Kuna usiku lilinikosesha usingizi, hasa baadaye nilipokwenda Mali mwaka 2021 na mzee mmoja wa kijijini akaitikia salamu yangu ya "Asalaam aleikum" huku akitazama bendera begani mwangu. Kijana anayetaka kwenda ajiulize mwenyewe akiwa bado nyumbani, kabla hajavaa bendera ya watu.

Dini nayo wengi wananiuliza kwa aibu. Mimi ni Mwislamu. Jeshi la Ufaransa lina masheikh wake, na vyakula vya pakiti visivyo na nguruwe vipo. Lakini ndani ya ile miezi minne ratiba haikungoji. Niliswali kwa moyo nikiwa mstarini, nikalipa swala zangu usiku niliposhindwa kabisa kusimama. Krismasi ndiyo sikukuu kubwa ya Lejioni. Maofisa hawaendi kwa wake zao, wanakaa na askari, na kila mmoja anapewa zawadi. Nilipewa kisu cha kukunja. Nilikuwa na wasiwasi kwamba nitajisikia mgeni. Usiku ule Wanepali, ambao hawana Krismasi kwao, waliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, nikaimba nao.

Kitu kilichonifundisha subira kuliko mbio zote ni pasi. Shati la gwaride lina mikunjo inayopimwa kwa rula. Unalowanisha, unakunja, unapima, unapiga pasi, unapima tena. Ikipotoka milimita chache, koplo analikunja mkononi, analitupa sakafuni, unaanza upya. Mara ya kwanza nilianza saa mbili usiku nikamaliza saa saba, vidole vimeungua kwenye ncha, na kundi zima limekaa sakafuni, kila mtu na shati lake, hakuna sauti isipokuwa mvuke. Nilikuja kuipenda saa hiyo. Ndiyo pekee iliyokuwa na joto.

Wiki za shamba zinafungwa na mwendo wa kofia nyeupe, ile kofia ya mlejioni, kama kilomita 50 kwa siku mbili na mizigo. Hapa nilifanya kosa la kijinga: sikukata kucha. Kufika kilomita ya 30, kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia ilikuwa imekandamizwa na buti mpaka soksi ikalowa damu. Mmalagasi alichukua maji yangu, akabeba na kamba yangu. Kata kucha siku mbili kabla. Vaa soksi nyembamba ndani, nzito nje. Paka mafuta ya mgando vidoleni na kisiginoni hata kama unaona hayahitajiki.

Tuliingia usiku na mienge. Tukasimama, tukasoma kwa sauti kanuni saba za heshima za mlejioni. Ya pili inasema kila mlejioni ni ndugu yako wa silaha, liwe lolote taifa lake, kabila lake au dini yake. Kisha amri, na wote kwa pamoja tukavaa. Kofia ile ni nyepesi ajabu. Nilitegemea uzito.

Baada ya Castelnaudary nilipangiwa kikosi cha pili cha miguu, Nîmes. Mshahara mwanzoni ulikuwa karibu euro 1,300 kwa mwezi, chakula na kitanda juu yake. Hapo ndipo nilipoanza kulipa ile bei nyingine.

Mara ya kwanza kumtumia mama hela nilitumia kitambulisho nilichokuwa nacho, chenye jina la Lejioni. Nilisubiri siku tatu, nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afya?"

"Njema. Hela umepata?"

Kimya. Kisha akasema, "Hela zipi? Kuna mtu simjui alinitumia hela, Mzungu sijui, nikawaambia hawa watoto wa ofisini wazirudishe. Mimi siwezi kula hela ya mtu nisiyemjua, dunia hii imekuwa mbaya."

Nilimweleza kwamba yule mtu ni mimi. Alinyamaza muda mrefu zaidi. Akauliza, "Kwani lile tulilokupa lina nini?"

Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeegemea ukuta wa bweni huku watu wakipita.

Novemba 2019 baba alifariki. Nilipata habari saa tano asubuhi, na Tanga wanazika mapema, kesho yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Lakini hata kama wangengoja wiki nzima nisingeenda. Jina langu lilikuwa bado halijarudishwa, na pasipoti ilikuwa kabatini. Hakuna aliyenionea. Nahodha wangu aliniita, akafunga mlango, akaniacha nikae ofisini kwake bila kusema kitu mpaka nilipoweza kusimama. Kijana wa Lubumbashi, ambaye tulipangiwa kikosi kimoja, alinisomea Baba Yetu kwa Kiswahili chake, nami nikasoma Fatiha, tukiwa tumekaa juu ya maboksi ya risasi za mazoezi. Nilisaini sharti lile nikiwa na baba mzima mwenye nguvu. Sikupiga hesabu ya kwamba miaka mitano ni muda ambao wazazi wanaweza kufa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni shilingi ngapi, namuuliza wazazi wake wana umri gani. Nasema kwa uchungu na kwa upendo. Mara tu unapofika kikosini, ulizia utaratibu wa kurekebisha hali yako. Usiache karatasi zilale. Vyeti vyako, hasa cha kuzaliwa, viache kwa mtu wa nyumbani anayejibu simu. Cha kwangu kilikuwa kimeandikwa kijiji kisichofanana na kile cha kwenye pasipoti, na kurekebisha kosa hilo la karani kulinilia miezi mingi zaidi.

Mambo ya uraia nayo yaangalieni mapema. Baada ya miaka mitatu ya utumishi unaweza kuomba uraia wa Ufaransa, na aliyejeruhiwa vitani ana haki ya kuuomba kwa sheria ya mwaka 1999. Mkenya ana nafuu, katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Sisi Watanzania, mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake anaupoteza wa kwetu, na mwaka 2023 nilipokuwa natoka, asiye raia alikuwa hamiliki ardhi. Nilifikiria shamba la Muheza, ambalo sasa halina baba. Nikaondoka na cheti cha mwenendo mwema, ambacho kilinipa haki ya kibali cha ukaazi cha miaka kumi, nikabaki na pasipoti yangu ya Tanzania. Wapo walionicheka. Yule wa Lubumbashi alichukua uraia, akafanya mkataba mwingine, na simlaumu, kila mtu anajua alichoacha nyuma.

Je, najuta? Sijutii. Nina ndugu Nepal, Brazil na Antananarivo ambao nikiwapigia simu usiku watanipokea. Nilirudi na akiba iliyomrudishia mama msimu ule wa machungwa mara nyingi. Na bado kaburi la baba nililifikia likiwa limeota majani.

Mpwa wangu ana miaka 21 na anataka kwenda. Sijamzuia. Juma lililopita nilimpeleka hospitali ya Bombo, akang'olewa jino moja na kuzibwa jingine, na tumebakiza macho. Jioni tunahesabu kwa Kifaransa barazani, ameshafika sitini. Dada yangu, mama yake, anatusikiliza huku akikuna nazi. Juzi aliacha kukuna akaniambia ana ombi moja tu: siku mtoto wake atakapopewa hilo jina jingine, apige simu siku hiyo hiyo amtajie, asije naye akarudisha hela kama mama.

Nikamwambia siku hiyo hatakuwa na simu. Angoje mpaka kozi iishe.

Akauliza ni siku ngapi, nikamwambia kama 120. Akarudi kwenye mbuzi yake, akaendelea kukuna.